Gurudumu la Nyuma

Nyumbani kwetu ni chini ya kilima cha Liganga, katika nchi ya Ludewa. Kilima hicho kinajulikana mbali kwa sababu mawe yake ni ya chuma, na ukilinyanyua moja utashangaa uzito wake. Wazee wetu Wapangwa walijua zamani kuyeyusha mawe kama hayo katika tanuru za udongo na kufua majembe. Lakini katika mwaka 1991, nilipokuwa kijana, baisikeli yangu ilipovunjika palepale penye chuma kingi, ilinipasa kwenda kutafuta chuma cha kigeni katika miji ya mbali.

Kazi yangu ilikuwa kuchukua mahindi ya majirani kwenda mashineni na kurudi na unga. Njia yetu ni ya mawe, tena ya kupanda na kushuka. Spoki moja ya gurudumu la nyuma ilikatika, nami sikujali, nikasema moyoni, "Zimebaki nyingi." Baada ya siku chache zikakatika mbili nyingine. Hata siku moja ya mvua, nikiwa nimepakia mahindi ya mama mmoja mjane, gurudumu lilipiga jiwe, likapinda kama ungo uliokaliwa. Mimi nikaanguka, gunia likapasuka, na mahindi yakachukuliwa na maji ya mtaroni.

Mama yangu alipima mahindi mengine katika ghala letu, akampelekea yule mjane. Hakunigombeza hata kidogo, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko fimbo.

Basi nikatoa fedha nilizoweka akiba. Zilikuwa katika vifundo viwili: kifundo kimoja cha baisikeli, na kimoja cha sare na madaftari ya mdogo wangu wa kike, aliyekuwa akitaka kuingia darasa la tano. Nikalichukua gurudumu bovu begani, nikapanda lori mpaka Njombe, mji ambao siku zile ulikuwa bado katika Mkoa wa Iringa.

Katika duka moja nikaona magurudumu mawili yaning'iniayo, membamba, meupe, yang'aayo kama fedha. Nikayainua kwa kidole. Mwenye duka akasema, "Haya ni ya aluminiamu, ni mepesi. Ukiyatia haya, utawapita wote barabarani." Fedha za kifundo cha kwanza hazikutosha. Mkono wangu ukaenda kwenye kifundo cha pili, ukakigusa. Ndipo nikamkumbuka mdogo wangu, nikatoka nje, nikaona afadhali nisikie neno la mtu mwingine kwanza.

Kesho yake nikafika Makambako, mwendo wa kilomita 60 hivi. Hapo barabara ya kusini hukutana na barabara kuu, na reli ya TAZARA hupita. Nikamkuta fundi mzee chini ya mti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hilo gurudumu limekufa kwa maradhi gani?"

Nikamweleza yote, hata habari ya magurudumu yang'aayo. Yeye hakuniuliza nina fedha ngapi, bali aliniuliza maneno matatu: "Wapakia nini? Wapita njia gani? Breki zako ni za namna gani?" Nikajibu kwamba napakia gunia, napita njia ya mawe, na breki zangu ni za vyuma virefu, zibanazo ringi kwa ndani.

Akacheka. "Basi yale uliyoyaona hayakuwa yako. Ringi zile zilitengenezwa kwa breki zibanazo ubavuni. Aluminiamu ina sifa yake: ni nyepesi, na breki yake hushika vizuri zaidi mvuani kuliko ringi ya chuma. Lakini kwako raba za breki zisingepata mahali pa kushika. Ungeshuka kilima bila breki."

Kisha akanifundisha jambo nisilolijua. Spoki ni waya mwembamba, nayo haisimami chini ya mzigo kama nguzo ya nyumba. Nguvu yake yatoka katika kuvutwa. Zote zikikazwa sawasawa, kila moja husaidia nyingine. Moja ikilegea, jirani zake hubeba kazi yake, nazo huchoka na kukatika. Mwingereza James Starley alipata hati ya kuweka spoki kwa mshazari katika mwaka 1874, na magurudumu mengi hutengenezwa hivyo hata leo.

Akaendelea, "Hesabu spoki zako." Nikahesabu: gurudumu la nyuma 40, na kule nyumbani la mbele lilikuwa na 32. "Waona? La nyuma limepewa zaidi kwa kuwa ndilo libebalo mzigo. Mwenye fedha chache asigawe nguvu sawasawa. Aanze pale penye uzito."

Akakifungua kitovu cha gurudumu langu, akakikuta kizima, gololi tu zimelika. Basi nikanunua ringi moja ya chuma, yenye matundu 40 na kipimo kilekile cha inchi 28, pamoja na spoki mpya, gololi na grisi. La mbele akaniambia nilinyoshe tu nifikapo nyumbani, akanionyesha namna ya kulizungusha na kutazama kama linayumba. Kifundo cha kwanza kikaisha, lakini cha pili sikukifungua.

Sitawaficha, wasomaji wangu: gurudumu lile lilikuwa zito. Siku za mnada vijana wenye baisikeli nyepesi walinipita wakinicheka, nami nikawaonea wivu. Lakini kila mwisho wa juma nilizigusa spoki moja moja, na iliyolegea nikaikaza. Mahindi ya yule mjane niliyachukua tena, safari ya kwanza bila malipo, na hapana punje iliyoanguka. Mdogo wangu akaingia darasa la tano akiwa na sare yake.

Wazee husema, "Rahisi huvunja upishi." Nami naongeza hili: hata kilicho kizuri chaweza kukudhuru, kama hakikufanywa kwa kazi yako. Basi mtakapokwenda dukani, jiulizeni kwanza maneno matatu ya fundi yule. Na ikikatika spoki moja, msiseme zimebaki nyingi.