Fizi: Ziwa Tanganyika likifungwa, nani atalisha nyumba ya mvuvi?

Kila mwaka mwezi wa tano ukikaribia, huku pwani ya Fizi watu wanaulizana neno moja: safari hii ziwa litafungwa kweli? Nchi nne zinazogawana Ziwa Tanganyika, yaani Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, zilikubaliana kusimamisha uvuvi miezi mitatu, tangu tarehe 15 mwezi wa tano hadi tarehe 15 mwezi wa nane, ili samaki wapate nafasi ya kuzaa na kukua.

Mimi nimekulia katika nyumba iliyolishwa na ndagala. Mama alinunua beseni alfajiri, akawaanika mchangani, akawapeleka sokoni. Pesa yangu ya shule ilinuka samaki. Kwa hiyo sisemi kama mgeni. Ninaunga mkono ziwa kufungwa. Lakini namna tunavyolifunga leo, njaa inakuja na samaki hawarudi.

Tuanze na samaki mwenyewe. Ndagala haishi sana, mwaka mmoja na kidogo tu, lakini anazaa upesi. Akiachwa apumue, anarudi upesi pia, na hiyo ni bahati yetu. Shida ni kwamba watoto wake wanasogea karibu na pwani kukulia huko kabla ya kurudi kilindini. Hapo ndipo wanapokutana na makokoro na vyandarua vya mbu. Anayekokota chandarua ufukweni anapata sahani moja ya vidagaa visivyozidi urefu wa kucha, na hiyo sahani ingekuwa beseni kadhaa siku za mbele.

Ziwa lenyewe pia limechoka. Upepo wa kusini wa wakati wa kiangazi ndio unaosaidia kupandisha rutuba kutoka chini, na samaki wanapata chakula. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba maji ya juu yakizidi joto, hayachanganyiki vizuri na yale ya chini, na chakula cha samaki kinapungua. Wakati huohuo, vita vimewafukuza wengi kutoka mashambani mwao. Kijana asiye na shamba wala ng’ombe anashukia ziwa, kwa sababu ziwa halimuulizi hati. Wavuvi wanaongezeka, na chakula majini kinapungua. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu.

Sasa tutazame namna ya kufunga. Mvuvi wa taa anajua kufunga tangu zamani. Mwezi ukiwa mkubwa, taa yake haivuti samaki, basi kwa siku kadhaa mitumbwi inabaki mchangani. Watu wanashona nyavu. Mwenye duka anakopesha chumvi na unga bila wasiwasi, kwa kuwa anajua siku ambayo giza litarudi. Hakuna askari anayehitajika. Kila mtu anatii kwa sababu mbili: siku zinajulikana mapema, na hakuna jirani anayefaidika kwa kutoka usiku.

Amri ya miezi mitatu inakosa yote mawili. Kuna kijiji nilichotembelea ambako watu waliisikia siku chache tu kabla ya kuanza, wakati patroni alikuwa ameshakopa pesa ya nyavu. Katika kipindi hichohicho cha kufungwa nilisimama usiku kwenye ufuko mmoja, nikahesabu taa kumi na moja majini. Asubuhi ndagala mbichi waliuzwa kwa kificho, bei mara mbili. Waliotoka usiku ni wenye uwezo wa kutoa kitu kidogo. Aliyebaki nyumbani ni mvuvi wa mtumbwi mmoja, na wanawe walikula mara moja kwa siku. Ukimwambia huyo kwamba ziwa limepumzika, atakucheka.

Tufanye nini basi? Kwanza, tarehe zisomwe makanisani, misikitini, sokoni na redioni miezi mitatu kabla. Wamama wauzaji wanajua likelemba. Wakianza kuweka akiba wakati samaki ni wengi, nyumba itakuwa na unga wakati wa kufunga, na msaada wa serikali, ukipatikana, utajua pa kuanzia.

Pili, mahali watoto wa samaki wanapokulia pafungwe mwaka mzima, si miezi mitatu tu. Kila ufuko uchague kamati ya wavuvi wake wenyewe. Wao wanajua nani anakokota chandarua, na nyumba yake iko wapi.

Tatu, tupunguze hasara ya nchi kavu. Ndagala wa mchangani, mvua ikinyesha, wanaoza au wanauzwa kwa bei ya kutupa. Wakianikwa juu ya vichanja, wanakuwa safi na bei yao inapanda. Mama anayepata pesa ileile kwa beseni tatu hatalilia beseni la nne.

Mwisho, nchi nne zifunge siku zilezile na kufungua siku zilezile. Kongo inamiliki karibu asilimia 45 ya ziwa hili, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6. Ndagala havuki mpaka kwa pasi. Mvuvi wetu akiona taa zinawaka ng’ambo, hakuna amri itakayomzuia kuwasha yake.

Waongozi wetu wa Fizi, Uvira, Kalemie na Moba, wakeni mikutano ufukweni kabla ya amri, wavuvi wakiwepo na wamama wauzaji wakiwepo. Nanyi wasomaji wa pwani, mkisikia mkutano umeitishwa kijijini kwenu, nendeni, na muulize mbele ya wote: mwaka huu, mwenye mitumbwi kumi atafunga pamoja na mwenye mtumbwi mmoja?