Januari kwenye shule ya Marafiki

Mashariki mwa Pennsylvania, si mbali na Philadelphia, kuna shule kongwe za bweni ambazo ukizipita kwa gari utadhani ni mashamba ya mtu: majengo ya mawe, miti mikubwa, bwawa, ua wa mbao. Ni shule za Marafiki, watu wanaojulikana zaidi kwa jina la Wakweka (akina Kweka wa Kilimanjaro hawahusiki). William Penn, aliyepewa jimbo hili na mfalme wa Uingereza mwaka 1681, alikuwa mmoja wao. Shule ya Westtown ilifunguliwa mwaka 1799, George School mwaka 1893, na zipo nyingine. Nilifanya kazi Januari nzima katika zahanati ya shule moja ya namna hiyo, nikishika nafasi ya muuguzi aliyekuwa likizo ya uzazi. Jina la shule naliacha, kwa sababu nitasimulia habari za watoto wa watu.

Tangu hapo wazazi wenzangu wananiuliza: ile ni shule au ni kanisa? Na watoto wanafanya nini huko kwenye theluji?

Kwanza, hawapumziki. Wanarudi kutoka likizo ya Krismasi na mabegi yamejaa vyakula vya nyumbani, jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, na mitihani ya kumaliza muhula iko mlangoni. Wa mwaka wa mwisho wanakimbizana na maombi ya vyuo. Michezo yote inahamia ndani: kikapu, kuogelea, mieleka. Mieleka ndiyo iliyonipa kazi, maana kabla ya mashindano lazima ngozi zikaguliwe; fangasi hupita mwili kwa mwili kwenye yale magodoro. Jioni kuna mazoezi ya tamthilia yenye nyimbo, na waigizaji wanakuja zahanati na koo zilizokauka wakiomba asali. Hewa ya hita inakausha kila kitu. Pua zinatoka damu, na watoto wetu weusi wanapauka hadi magotini. Makopo ya mafuta ya mgando niliyanunua mwenyewe wiki ya pili, yakaisha.

Katikati ya hayo kila mwanafunzi ana zamu ya kazi. Kuosha vyombo, kufagia, kutenganisha takataka. Hata mtoto wa tajiri ana zamu.

Jumatatu ya tatu ya mwezi ni siku ya Martin Luther King. Shule nyingi hufunga watoto walale. Hii haikufunga. Walikaa katika makundi wakijadili, mchana wakaenda kupanga vyakula kwenye ghala la msaada. Hapo ndipo niliposikia vizuri habari za Bayard Rustin, aliyezaliwa mwaka 1912 West Chester, jimbo hilihili, akalelewa na bibi mwenye malezi ya Kikweka. Ndiye aliyeratibu yale maandamano ya Washington ya Agosti 1963 ambayo sisi sote tunayajua kwa hotuba ya King tu.

Jambo lililonishangaza zaidi ni mabaraza yao. Marafiki hawapigi kura. Mwezi ule kulikuwa na pendekezo kwamba simu zikabidhiwe kwa walezi wa mabweni saa nne usiku. Wanafunzi na walimu walikaa pamoja, karani akiwa msichana wa miaka kumi na saba. Mtu anasema, wanakaa kimya kidogo, mwingine anasema. Wakiona hawajafika pamoja, wanaahirisha. Walikaa jioni tatu! Mimi ningepiga kura nikalale. Lakini jioni ya tatu msichana mmoja alisema mama yake yuko Asia, na saa nne usiku ya hapa ndiyo asubuhi ya kule, ndiyo saa anayompigia. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Pendekezo likabadilishwa pale pale. Kwa kura angeshindwa, na jambo lake lingezikwa kimya kimya.

Walimu wanaitwa kwa majina yao ya kwanza, hata mkuu wa shule. Marafiki wa zamani walikataa vyeo na kuvua kofia mbele ya wakubwa, na desturi imebaki. Kwa aliyelelewa na shikamoo ni mtihani. Kijana mmoja wa kidato cha pili, Mkenya, mama yake mzaliwa wa Vihiga, hakuwa anamwita mwalimu yeyote jina lolote. Alikuwa anakohoa kidogo mpaka mwalimu ageuke. Alipoletwa kwangu nimpime kifua nikakuta mapafu safi kabisa.

Mama yake anaishi Delaware, anafanya kazi ya kutunza wazee. Aliichagua shule hii kwa sababu moja. Yeye ni wa Kanisa la Marafiki tangu utotoni. Wamisionari watatu wa Kimarekani walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo Kenya ndiyo nchi yenye Wakweka wengi kuliko nyingine yoyote duniani. Kwa hiyo alijua anampeleka mwanawe nyumbani.

Akaja Jumapili ya mwisho ya Januari kumwona, tukaingia ibadani pamoja. Ukumbi wa mbao, mabenchi yanayotazamana, hakuna msalaba, hakuna mimbari. Watu wanakaa kimya saa nzima. Anayesukumwa moyoni anasimama, anasema maneno machache, anakaa. Siku ile alisimama mmoja tu. Mama wa watu alikuwa amevaa vizuri, kitabu chake cha nyimbo mapajani, akigeuka kutazama mlango.

Nje akaniuliza, "Sista, mchungaji ameugua?"

Nikamwambia hawana mchungaji. Marafiki wa Kaimosi wanaimba, wanahubiriwa; hawa wa huku wamebaki na ukimya wa zamani. Kijana akadakia, "Lakini mama, ungetaka kuimba ungesimama tu ukaanza. Hakuna wa kukuzuia."

"Mimi? Peke yangu?"

Alikasirika, na nilimwelewa. Mkataba wa mwaka ujao ulikuwa ndani ya pochi yake, pamoja na fomu za msaada wa ada. (Mnaofikiria shule hizi, msaada upo, na maombi mengi hufungwa kati ya Januari na Februari, kwa hiyo anzeni vuli.) Msaada ulikuwa unalipa sehemu kubwa, lakini kilichobaki kilikuwa zamu zake za usiku. Alitaka kujua anazilipia nini.

Adhuhuri kijana alikuwa na zamu ya vyombo. Mama akamfuata hadi jikoni, akasimama mlangoni akimtazama, mikono imezama povuni, akibishana na Mchina mmoja kuhusu sufuria. Akatoa simu, akapiga picha, akaituma kwa mashangazi. "Nyumbani hajawahi kuosha hata kikombe," akaniambia.

Nilipomaliza muda wangu wiki ile, mkataba ulikuwa bado haujarudi. Kwenye ubao wa zamu za Februari jina la kijana lilikuwa tayari limeandikwa: kufagia ukumbi wa ibada.