MAMA ALIDHANI MZEE KAPATA MCHEPUKO, KUMBE NI KISUKARI!

Huko Mbagala kuna mzee mmoja wa miaka 61, dereva wa malori mstaafu. Kisukari anacho mwaka wa tisa sasa. Ukimkuta asubuhi kibarazani na kahawa yake chungu, huwezi kudhani ana shida yoyote. Lakini ndani kwake mwaka mzima kulikuwa kunawaka moto.

Ilianza taratibu. Mzee akawa anachelewa kuingia chumbani. Leo mpira, kesho taarifa ya habari, mwisho akahamia kabisa kwenye kochi. Mama, aliyeishi naye miaka 33, akapiga hesabu za haraka: huyu anakula huko nje.

Siku moja akaishika simu ya mzee. Akakuta namba imeseviwa "Fundi Kariakoo" na meseji inasema: "Mzigo umefika, wahi." Usiku huo nyumba nzima haikulala.

"Baba watoto, niambie tu ukweli. Ni nani huyo?"

Mzee kimya. Baadaye sana akaingiza mkono mfukoni, akatoa kipakiti cha unga. Vumbi la mkongo. Fundi alikuwa muuza dawa za nguvu za kiume!

Supu ya pweza mzee alishakunywa, karanga mbichi na mihogo alishatafuna, hola. Vumbi ndo lilikuwa tumaini la mwisho. Na bora mama alimwahi, maana mzee huyo huyo ana dawa ya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana.

Cha kuuma zaidi ni kwamba kila mwezi mzee alikuwa anaenda kliniki ya kisukari. Anasindikizwa na binti yake wa mwisho, miaka 22, ndo mshika kadi. Daktari anauliza macho vipi, miguu ina ganzi? Mzee anajibu vizuri tu. Kuna lingine, mzee wangu? Anamwangalia binti, anaangalia chini. "Hakuna." Mwaka mzima jibu ni hilo hilo.

Safari iliyofuata mama akaenda mwenyewe. Binti akaambiwa asubiri nje. Mama ndo akafungua mdomo, mzee kainamisha kichwa.

Daktari wala hakucheka. Akawaeleza kuwa sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu mishipa ya damu na mishipa ya fahamu, na uume unahitaji vyote viwili vifanye kazi. Ndo maana wanaume wengi wenye kisukari hupata shida hiyo. Tena inaweza kuwa kengele ya mapema ya ugonjwa wa moyo, kwa sababu mishipa ya huko ni myembamba kuliko ya moyo, inaanza kuziba yenyewe.

Kuhusu vumbi akawa mkali. Unga wa mtaani hujui umechanganywa na nini. Ukiwa na sildenafil, ambayo ndo dawa iliyomo kwenye Viagra, ukakutana na ile dawa ya chini ya ulimi, presha inaweza kushuka ghafla mtu akafa. Akampima upya sukari, presha na moyo, akamwambia sigara aache, na matibabu yapo, ila yanachaguliwa na daktari kulingana na moyo wake.

Je, mzee kapona? Siyo kama kwenye matangazo ya redioni. Kuna siku mambo yanakubali, kuna siku yanagoma. Ila kochi kalihama, na mama hashiki tena simu ya mtu.

Vijana wa mjini, wazee wetu tunawataniana nao kwa mengi, ila hili usitegemee baba akuambie mwanaye. Ukimsindikiza kliniki, daktari akiuliza "kuna lingine?", jifanye simu inaita. Toka nje dakika tano. Muache mzee aongee.