Kijiti cha Baba

Kila asubuhi napita kituo cha Msheireb, hapa Doha, zinapokutana njia tatu za treni ya mjini. Treni hizi, zilizoanza kuchukua abiria Mei 2019, hazina dereva. Aliyekaa mbele kabisa huliona handaki likimjia usoni. Wanafunzi wangu hawashangai tena. Mimi bado huangalia reli. Upana kati yake ni milimita 1,435, na lazima awepo mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba upana huo haubadiliki.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya kwanza maishani. Nilizaliwa karibu na Muheza, mkoani Tanga, mahali ambapo Wajerumani waliifikisha reli yao ya mita moja mwaka 1896. Lakini reli iliyonilea ilikuwa nyembamba zaidi. Mkonge, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, una majani mazito yenye maji mengi na nyuzi chache. Ndiyo maana mashamba makubwa yalitandika vijireli vya kuyasafirisha majani hadi kiwandani. Nyuzi za viwandani zilipoiangusha bei ya mkonge, mashamba mengi yalidorora, na reli zikabaki vichakani. Baba alinunua vipande vyake pamoja na toroli moja, akavitandika juu ya mataruma ya mvule, kutoka kilele cha shamba letu la michungwa hadi barabarani. Kushuka, injini ilikuwa uzito wa machungwa na breki ilikuwa gogo. Kupanda, injini ilikuwa sisi watoto.

Mimi alinikabidhi kijiti. Kila Jumamosi niliifuata njia nzima, nikikilaza baina ya reli mbili kila baada ya hatua tatu. Kikipwaya, nilipiga kelele. Kikikataa kuingia, nilipiga kelele zaidi. Gurudumu la reli, alinieleza Baba, lina ukingo upande wa ndani. Reli zikiachana, ukingo hukosa pa kuegemea, na gurudumu hudondoka katikati.

Baba alipofariki, nilikuwa Ulaya nikiandika tasnifu. Nilirudi kwa ajili ya arobaini, na nilipoondoka nilikichukua kijiti. Sikumwomba mtu ruhusa, nilikiita ukumbusho. Tangu hapo kimekaa rafuni, kwanza katika chumba cha mwanafunzi, kisha hapa Doha, kando ya kamusi. Nimekitaja katika mihadhara kuhusu vitu na kumbukumbu. Wasikilizaji hukipenda.

Mwaka jana toroli liliacha njia kwenye kona ya juu, likiwa na shehena, likamvunja mguu mdogo wangu. Nilimpigia simu nikiwa na hoja zangu tayari: aing'oe reli, aiuze kama chuma chakavu, nami nitamnunulia bajaji ya mizigo. Alinisikiliza hadi mwisho, kama wanavyosikilizwa wanaotuma fedha. Kisha akauliza:

"Dada, kile kijiti bado unacho?"

Nikajibu kwamba ninacho.

"Mimi hupima kwa kamba. Kamba huvutika."

Nikamwambia kwamba reli za mashambani zilikuwa na upana wa sentimita 60, na kwamba futi ya fundi yeyote ingemtosha. Akacheka kwa upole. Baba, alisema, hakukikata kijiti kwa kufuata kitabu. Alikikata kwa kulipima toroli lenyewe, ambalo ekseli yake ilikuwa imechomelewa upya kabla hajalinunua.

Usiku ule nilikipima kwa mara ya kwanza. Sentimita 61 na nusu. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikiwaeleza watu habari za kitu ambacho sikuwahi kukiuliza swali lake lenyewe, huku aliyebaki shambani akikihitaji.

Namba nilimtumia papo hapo. Kijiti nilikirudisha mwenyewe wakati wa likizo. Mdogo wangu, akiwa bado anatembelea gongo, alikipokea bila hotuba akamkabidhi binti yake wa miaka tisa. Siku hizi, Jumamosi jioni, binti huyo hunipigia simu, Shangazi yake, kuniarifu ni mahali pangapi kimepwaya.

Wiki iliyopita palikuwa panne.