Kila Kitu na Mahali Pake

Huenda nyumba yako ina vyumba viwili kama yangu. Huenda ina kimoja tu. Ukiingia ndani unaruka jembe, unapita kando ya gunia, unainama chini ya nguo. Ukitafuta kisu hukioni. Ukitafuta kadi ya mtoto ya kliniki, unakuta panya wameitafuna. Ndipo unasema, "Nyumba haitoshi. Nikipata fedha nitajenga kubwa."

Mimi pia nilisema hivyo. Leo nataka kukueleza jambo lililonifanya niache kusema hivyo.

Nilizaliwa kando ya Ziwa Nyasa, upande wa Liuli. Baba yangu alikuwa mvuvi. Mtumbwi wake ulikuwa gogo moja lililochongwa. Mtu hawezi hata kunyoosha miguu vizuri ndani yake. Lakini sikumwona baba akitafuta kitu. Kasia lilikuwa na mahali pake. Wavu ulikuwa na mahali pake. Upo, yaani chombo cha kutolea maji mtumbwini, ulikuwa na mahali pake. Baba alituambia, "Mwera ukianza kuvuma, huna muda wa kutafuta upo." Mwera ni upepo mkali wa kusini. Huinua mawimbi makubwa ziwani.

Nilipoolewa nilipanda milimani, upande wa Mbinga. Huko watu hulima mahindi, maharage na ngano katika mashimo ya ngolo. Kahawa huipanda karibu na nyumba. Mume wangu alikuwa na nyumba ya matofali ya udongo yenye vyumba viwili. Kimoja tulilala sisi na watoto. Cha pili kilikuwa cha vitu vyote. Gunia za kahawa zilikuwa humo. Mahindi na maharage yalikuwa humo. Majembe, mbolea, dawa ya mikahawa, mtungi wa maji na mafuta ya taa vilikuwa humo. Usiku na kuku walilala humo. Kila kitu kilikaa chini, sakafuni.

Siku ya chupa

Ilikuwa mwezi wa Julai mwaka 1974, wakati wa kuchuma kahawa. Jioni ile tulirudi tumechoka. Mafuta ya taa tuliyatia katika chupa ya soda. Chupa ilikaa karibu na mtungi wa maji, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine.

Mtoto wetu wa pili alikuwa na umri wa miaka miwili na nusu. Alisikia kiu. Hakuniita. Mimi nilikuwa jikoni, nikasikia anakohoa kikohozi kibaya. Nilipofika, chupa ilikuwa mkononi mwake na kanga aliyofungwa ilinuka mafuta.

Jirani mmoja alikuja mbio. Akasema, "Mpe maji ya chumvi atapike!" Mume wangu hakusubiri. Alimchukua mtoto mikononi, tukakimbia naye hadi zahanati.

Mganga aliuliza kwanza, "Mmemtapisha?"

Mume wangu akajibu, "Hapana, mganga."

"Afadhali. Mafuta ya taa yakirudi kooni huingia mapafuni. Hapo ndipo yanapoua. Mtu aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe. Mleteni upesi."

Msomaji, shika maneno hayo. Hata leo ni ya kweli.

Mtoto alilazwa siku sita. Alikuwa na homa, na mbavu zake zilipanda na kushuka kwa shida. Siku ya saba aliomba uji. Sasa ni mtu mzima na ana watoto wake. Lakini mimi sijausahau usiku ule wa kwanza, nilipohesabu pumzi zake mpaka alfajiri.

Kabla hatujaondoka mganga aliniuliza, "Mama, chupa ilikuwa wapi?"

Nikasema, "Ilikuwa chini, karibu na mtungi. Nyumba yetu haina nafasi."

Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Na ukutani hamna nafasi?"

Tuliporudi nyumbani nilisimama mlangoni. Nikatazama sakafu. Ilikuwa imejaa. Nikatazama kuta nne. Zilikuwa tupu. Nikatazama juu kwenye boriti. Kulikuwa kutupu. Nikakumbuka mtumbwi wa baba. Nafasi ilikuwapo. Sisi hatukuwa tumeitumia.

Tulianza kwa kutoa

Siku iliyofuata tulitoa vitu vyote nje. Mama mkwe alishangaa, akauliza kama tunahama. Tulivigawa katika mafungu manne. Fungu la kwanza ni vitu vya kila siku. La pili ni vitu vya msimu. La tatu ni vitu vya hatari. La nne ni vitu visivyo na kazi tena. Fungu la nne lilikuwa kubwa. Hilo halikurudi ndani.

Anza hivyo nawe. Usinunue chochote kwanza. Toa, gawa, ndipo uone unahitaji mahali pa vitu gani.

Ukuta na boriti

Mume wangu alikata mianzi iliyokomaa. Mianzi michanga huliwa upesi na wadudu. Aliiloweka kijitoni wiki kadhaa, kisha akaianika kivulini. Alifunga rafu yenye urefu wa pima moja na upana wa dhiraa moja. Aliitundika kwenye boriti kwa kamba nne, moja kila pembe. Hapo tuliweka sufuria, sahani na taa. Kama unaishi Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, unaweza kutumia matete. Yafunge mengi pamoja ili yawe na nguvu.

Karibu na mlango alipigilia vigingi vya mti mgumu. Majembe, panga na ungo vilitundikwa hapo. Panga lilikaa juu kabisa.

Kama ndiyo kwanza unajenga, acha mashubaka. Shubaka ni kishimo cha mraba ndani ya ukuta, kama dirisha lisilotoboka. Hufaa kwa kibiriti, sabuni na vitabu vyako vya kisomo. Lakini usichimbe shubaka katika ukuta uliokwisha jengwa. Ukuta utadhoofika.

Mama yangu alituma kutoka ziwani furushi la dagaa lililofungwa katika kipande cha wavu mkuukuu. Dagaa tulikula. Wavu nikautengeneza susu. Susu ni wavu wa kutundikia vyakula. Kunja wavu mara mbili, funga pembe zake nne pamoja, utundike kwenye boriti. Kabla ya kufunga kamba, toboa kipande cha bati au kibuyu kilichokatwa nusu, ukipitishe katika kamba juu ya susu kama mwavuli. Panya akishuka kwa kamba atakwama hapo. Katika susu niliweka vitunguu, viazi na dagaa waliokauka.

Chini ya kitanda

Tuliinua kitanda kwa matofali, kila mguu tofali mbili. Chini yake tuliweka sanduku la nguo na blanketi la wakati wa baridi. Usiweke chakula chini ya kitanda, maana utawaita panya. Wala usiweke dawa ya mimea hapo, maana utalala juu ya sumu. Chandarua kifungwe juu mchana, na usiku kichomekwe chini ya godoro au mkeka.

Kahawa na mahindi

Gunia za kahawa tuliziweka juu ya fito, shubiri moja kutoka sakafuni na shubiri moja kutoka ukutani, ili hewa ipite. Usiweke kahawa karibu na mafuta ya taa, mbolea au moshi. Kahawa hushika harufu upesi, na kahawa yenye harufu hupoteza bei.

Mahindi tuliyatoa nje ya nyumba, tukajenga kihenge juu ya miguu. Miguu iwe na urefu wa meta moja. Kila mguu tuliuvika bati la debe lililokatwa kama mwavuli, panya asiweze kupanda. Kihenge kiwe mbali na miti na ukuta, maana panya huruka. Miaka ya 1980 mdudu dumuzi alienea katika nchi yetu. Yeye hula mahindi, makopa ya muhogo na hata mbao. Kwa hiyo pukuchua mahindi, yakaushe sana, uyaangalie mara kwa mara. Siku hizi iko mifuko isiyopitisha hewa. Mfuko ukifungwa vizuri wadudu hufa ndani. Mfuko mmoja unaweza kukaa hata pembeni ya chumba kidogo.

Vyombo vilivyooshwa tuliviweka nje juu ya kichanja, jua livikaushe. Hivyo na mtungi wa maji ukapata pembe yake peke yake, wenye kifuniko, na kata juu yake.

Vitu vya hatari

Fungu la tatu lilikuwa dogo, lakini ndilo lililotaka akili zaidi. Mume wangu alitengeneza sanduku la mbao lenye kufuli. Hakuliweka ndani ya nyumba. Alilipigilia chini ya paa la kibanda cha zana, juu kuliko mkono wa mtu mzima. Dawa zote za mikahawa ziliingia humo, kila moja katika chombo chake ilichonunuliwa nacho. Mafuta ya taa tuliyatia katika kopo lenye mfuniko wa kukaza. Tulilitundika peke yake juu ya kigingi, mbali na chakula.

Mimi wakati ule nilikuwa darasa la kisomo. Mwaka 1970 ulikuwa umetangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 tulisikiliza redio kwa vikundi katika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu karibu milioni 2 walishiriki nchi nzima, na vyoo vingi vilichimbwa. Nilikuwa nimejifunza herufi, lakini sikuwa nimeandika kitu chochote nje ya darasa. Mume wangu alilishika sanduku, nami nikaandika kwa mkaa: SUMU. Herufi S niliigeuza nyuma mbele. Hakunicheka. Alisema, "Inasomeka, mama watoto."

Lakini kumbuka, mtoto wa miaka miwili hajui kusoma. Neno peke yake halimlindi. Ndiyo sababu sanduku liko juu, na ndiyo sababu lina kufuli.

Huenda utasema, "Hayo ni ya zamani. Siku hizi tuna taa za jua." Ni kweli. Mimi pia ninayo. Lakini petroli ya pikipiki imo katika chupa za maji ya kunywa, imewekwa nyuma ya mlango. Dawa ya kuulia magugu imo katika chupa ya soda. Dumu la dawa limeoshwa, sasa linachotea maji. Usifanye hivyo. Chombo kilichokaa dawa hakioshwi kikawa safi. Kitoboe, mtu asikitumie tena.

Karatasi

Mwaka mmoja panya walitafuna stakabadhi yetu ya kahawa. Tuliposikia kuwa yako malipo ya pili, hatukuwa na cha kuonyesha. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: na daftari lisilo na mahali huliwa na panya.

Tafuta kopo la bati lenye mfuniko wa kukaza, kama la maziwa ya unga. Tia karatasi zako katika mfuko wa plastiki, kisha ndani ya kopo. Weka humo kadi za kliniki, vyeti vya kuzaliwa, stakabadhi na karatasi za shamba. Andika juu ya kopo: KARATASI. Mwonyeshe mume wako au mke wako, na mtoto mmoja mkubwa, mahali lilipo. Siku ya ugonjwa au msiba hamtatafuta.

Kumaliza

Ndugu msomaji, tulitumia mianzi, fito, kamba, wavu mkuukuu, bati la debe na mbao chache. Tulichonunua ni misumari na kufuli. Nyumba yetu haikuongezeka hata hatua moja. Lakini tulipomaliza, watoto walicheza sakafuni, kwa kuwa sakafu ilikuwa imepatikana.

Usingoje nyumba kubwa. Nyumba kubwa isiyo na mpango itajaa pia. Na usingoje, kama mimi nilivyongoja, mpaka mtoto akohoe. Funga kitabu hiki, simama mlangoni kwako, utazame. Chupa iko wapi? Ianze hiyo.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Nyumbani kwako mafuta ya taa, petroli na dawa za shamba hukaa wapi? Mtoto anaweza kuvifikia?
2. Kwa nini mtu aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe?
3. Katika kijiji chenu yapo mianzi, matete, fito au nyavu kuukuu? Mnaweza kutengeneza nini kwa vitu hivyo?
4. Andika maneno matatu utakayobandika juu ya vyombo vyako.