Kwanza kivuli, kabro tutaongea baadaye

Saa nane mchana Garissa si saa ya kuzurura, mnajua. Jua linakuchoma kichwani, lami inakuchoma kutoka chini, na ukiangalia barabara utaona watu wamejipanga mstari mmoja kwenye ukuta wa duka, ule upande wenye kivuli chembamba kama kanga iliyokunjwa. Kivuli kikisogea, nao wanasogea. Hiyo ndiyo ramani ya kweli ya mji wetu, na haikuhitaji mshauri kutoka Nairobi kuja kuichora.

Kila nikiposti kuhusu mji kuna mtu ataniambia ngoja bajeti. Ngoja mradi. Ngoja wafadhili. Mimi nasema hivi: kuna vitu haviitaji kungojwa. Mwaka 2009 New York walifunga kipande cha barabara ya Broadway pale Times Square, magari yasipite. Viti vya maana vilikuwa bado havijafika, kwa hivyo wakanunua vile vya kukunja vya bei rahisi, vya kwenda navyo ufukweni, wakavitupa tu katikati ya barabara. Watu wakakaa. Mwaka uliofuata mji ukaamua ibaki hivyo, na zege likaja baadaye. Na hao ni watu wenye pesa, manze. Bado walianza na plastiki.

Sawa, New York ni mbali. Njoo Dar es Salaam. Shirika la Amend lina mpango unaoitwa SARSAI, wa kulinda watoto wanaotembea kwenda shule. Walifuata njia ambazo watoto wanapita kweli, halafu wakaweka matuta, alama za kivuko, nguzo fupi za kuzuia magari, njia ya miguu. Shule nyingine ilihamishiwa geti tu, kutoka barabara kubwa hadi upande wenye utulivu. Geti! Mwaka 2019 mpango huo ukashinda tuzo ya WRI Ross Center ya dola 250,000, mbele ya miji ya dunia nzima. Na Dandora pale Nairobi vijana walizoa taka kwenye viwanja vya katikati ya nyumba, wakapaka rangi, wakapanda maua, na watoto wakapata pa kucheza.

Lakini walahi, sisi ndio tungekuwa walimu wa mambo haya. Ayeeyo wangu alijenga nyumba nzima kwa mikono yake. Herio, ile ya fito zilizopindwa na mikeka ya kusuka. Inasimama kwa masaa, na siku ya kuhama inafunguliwa, inapakiwa juu ya ngamia, inasimama mahali pengine. Wanawake ndio wajenzi. Leo mjukuu wake anaambiwa benchi moja la kivuli ni lazima lipitie tenda.

Nenda sokoni uwaangalie kina mama wa maziwa ya ngamia. Mwavuli uliochakaa, magunia yaliyoshonwa pamoja, kamba, jiwe la kushikilia. Wameshajenga, wenyewe, bila senti ya mtu. Kisha siku ya operesheni ya kusafisha mji, hivyo ndivyo vitu vya kwanza kung'olewa, na watu wanapiga makofi eti mji umependeza. Umependeza kwa nani? Hata mbuzi amekimbia hilo jua.

Sasa niseme kile ambacho kwa komenti mtanitukana. Kivuli kilichopo Garissa ni cha wanaume. Hoteli ya chai, ya wanaume. Benchi chini ya mwarobaini, ya wanaume, hasa jioni miraa ikifika. Msichana wa miaka 18 ana nyumbani, shule, duksi, duka, na njia ya kupita haraka katikati ya hivyo vyote. Akisimama dakika tano anaulizwa anamngoja nani. Mimi sitaki kuondoa mzee yeyote kwenye kiti chake. Nataka kiti kingine.

Na kuna jambo wa umri wangu hatulisemi. Aprili 2015, baada ya shambulizi la Chuo Kikuu lililoua watu 148, serikali iliweka kafyu Garissa, Wajir, Mandera na Tana River, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi asubuhi. Tulikuwa watoto. Mji huu saa nzuri ya kuwa nje ni jioni, na jioni ilichukuliwa. Kafyu iliisha, lakini ile tabia ya kukimbilia ndani haikuisha. Hata leo vijana wanne wakikaa pamoja mahali penye giza, mtu atawashuku. Weka taa, weka mkeka, weka mama anayeuza chai, na wale wale vijana wanne wanakuwa wateja.

Agosti iliyopita, wakati wa likizo, tulijaribu. Wasichana watano. Tulifunga neti nyeusi, ile ya kitalu cha miche, kati ya miarobaini miwili na kontena la jirani, karibu na pale bajaji zinaposimama. Nguzo mbili za katikati zilikuwa za mathenge, kwa sababu mathenge ndio mti pekee ambao ukiukata kila mtu anakushukuru. Tuliazima mikeka na mabenchi mawili. Siku mbili za kwanza walikuja watoto tu. Siku ya tatu mama mmoja akaketi na mizigo yake kungoja bajaji, akamwita mwenzake. Siku ya nne habaryar wa nyumba ya pili akaleta jerikeni ya maji na kikombe, bila kuombwa na mtu. Siku ya tisa akaja bwana mmoja na faili, akauliza nani ametoa ruhusa. Tulikunja neti. Ilichukua dakika kumi na tano, ayeeyo angecheka vile tulivyo wazembe.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Sheria ya Miji na Majiji ya 2011 inawapa wakazi nafasi ya kutoa maoni kuhusu mji wao. Tupewe ruhusa ya miezi mitatu, kona tatu, neti na mabenchi, na kona moja iwe ya kina mama na wasichana. Chini ya kila neti tupande miche ya mwarobaini. Neti itachakaa, ndio, lakini mche utakuwa umepanda juu. Mahali watu hawakukaa, tunang'oa tunahamisha. Maji ya Tana yakija tena kama Novemba 2023, tunakunja tunabeba.

Neti yetu iko kwa kina Hodan, chini ya kitanda. Haijatoboka.