Tulivyotafuta Sarafu Katika Jaa la Ubungo

Msafiri aingiaye Dar es Salaam kwa njia ya Morogoro hukutana na Ubungo kabla hajaufikia mji wenyewe. Kwa miaka mingi hapo ndipo palipokuwa na stendi kuu ya mabasi ya mikoani, mpaka ilipohamishiwa Mbezi Luis mwaka 2021. Mahali walipopita watu wengi namna ile, wakilipa nauli na kurudishiwa chenji alfajiri kabla ya mwanga, hapakosi kuanguka sarafu. Lakini uwanja wa stendi ya zamani hauchimbiki tena, umekwisha kujengwa. Basi asubuhi ya Jumamosi moja tulifuatana na vijana wawili, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, tukateremka bondeni hadi ukingo wa Mto Ubungo, ambako mvua za masika huzileta takataka za mitaa ya juu na kuzilaza tabaka juu ya tabaka.

Yule mkubwa alikuwa ameazima kwa mjomba wake mashine ambayo wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya huitumia kutafutia dhahabu, nao huiita ditekta. Mdogo hakuwa na mashine. Alichukua gunia, na fimbo iliyofungwa sumaku ya spika mbovu.

Ditekta ina kisahani chenye waya uliozungushwa. Umeme upitao katika waya huo hupeleka nguvu ya sumaku ardhini, na metali iliyozikwa hujibu kwa umeme wake mdogo, nayo mashine huusikia ikalia. Chuma hujibu kwa namna yake, fedha na shaba kwa namna yao, hata mtu aweza kuiamuru mashine inyamaze kila ikutanapo na chuma. Twaungama kwamba tulipoelezwa hayo tuliiona kazi kuwa nyepesi.

Saa nzima ikapita. Tulichimbua vizibo kumi na saba vya soda, vishikizo vya makopo, mfuniko wa sufuria na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara iliyokunjwa ikawa kama gololi. Alimini ndiyo mdanganyifu mkubwa wa jaa, kwa kuwa mlio wake hukaribia ule wa sarafu. Ukiamuru mashine isiusikie, huenda sarafu nayo ikapitwa. Na ukinyamazisha chuma, waipita sarafu yetu ya shilingi 500 iliyotolewa mwaka 2014, maana ni chuma kilichopakwa nikeli! Tena msumari mmoja ulio juu waweza kuificha kabisa sarafu iliyolala chini yake. Ndiyo maana wazoefu huweka kisahani kidogo, wakakipitisha polepole, kisha wakarudi kwa upande mwingine. Mlio usiobadilika pande zote mbili ndio wachimbao.

Wakati huo yule mdogo alikuwa akiburuta fimbo yake tu. Kufika adhuhuri gunia lake lilikuwa zito kwa misumari na vipande vya nondo, vya kuuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na kaka yake alikuwa na shilingi mia mbili na hamsini. Tulicheka, kisha tukaona haya.

Baada ya sala mashine ikalia mlio safi. Ikatoka senti kumi yenye tundu katikati, ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ya zamani kabla Benki Kuu haijatoa sarafu zetu wenyewe mwaka 1966. Mzee mmoja aliyekuwa akimwagilia mchicha aliipokea, akaipangusa kwa kanzu yake, akatwambia kwamba mama yake alizitunga katika uzi na kuuning'iniza mlangoni. Hakutaka kuirudisha upesi.

Hapa vijana waelewe jambo moja. Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kitu kilichotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863 ni cha kale, wala hakichimbwi pasipo leseni. Senti ile haimo. Lakini Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, mwaka 1984 wataalamu walifukua sarafu zaidi ya 2,000, karibu zote za fedha, zenye majina ya watawala Waislamu. Laiti mtu angalizing'oa usiku na kuziuza mojamoja, tungalijuaje habari zao?

Karibu na Alasiri ikatoka pete ya fedha, na ndani yake herufi mbili zilizochorwa. Hatutaziandika hapa, maana ndizo zitakazomtambulisha mwenyewe.

"Kaka, tuipeleke kwa sonara," alisema mdogo. Shule ilikuwa karibu kufunguliwa, naye hakuwa na viatu.

Kaka yake akakaa kimya kitambo. Kisha akasema kwamba hicho ni kiokotwa, si hazina ya watu wa kale. Mwenye kukiokota hana budi azijue alama zake, akihifadhi, akitangaze mwaka mzima panapokusanyika watu, sokoni na milangoni mwa misikiti, wala si ndani ya msikiti.

"Mwaka mzima? Na huenda maji yameitoa Kimara!"

"Basi tutatangaza na Kimara."

Mdogo alilitupa gunia begani akatangulia mbele, asiseme neno mpaka njia kuu. Viatu alivinunua kwa fedha ya vyuma chakavu, na kilichopungua alimwongezea kaka yake. Pete imo katika kopo la chai, kwa mama yao. Mpaka tuandikapo haya imetimia miezi minne. Wanawake watatu wamekwisha kuja kuuliza, wala hapana aliyezitaja herufi zile sawasawa.